Wamelisafisha Shamba Langu

Jumanne, Julai. Ukungu umeshuka tangu alfajiri na mlima hauonekani. Nimevaa sweta mbili na bado nahisi baridi.

Niwieni radhi, ninyi wachache mnaosoma ukurasa huu. Sijaandika tangu masika yalipoanza. Mtu aliyewafundisha watoto wa watu kwamba kazi iliyoanzwa humalizwa hana udhuru, nami sitautafuta. Nilikuwa nikiangalia wadudu. Leo naandika kwa sababu nina uchungu, na hapa kijijini sina wa kumweleza bila kumkosea mtu.

Kahawa yangu ina kunguni. Si wale wa kitandani, bali kunguni wa kahawa, wenye madoa ya rangi ya chungwa mgongoni, ambao hufyonza tunda changa hadi likaharibika. Kwa miaka mingi niliwapulizia dawa kama kila mtu hapa Meru. Mwaka huu afisa ugani wetu, binti anayeitwa Upendo, alinishawishi niache. Alinigeuzia jani akanionyesha mayai ya kunguni yaliyopangwa kama shanga nyeupe, na mengine yaliyokuwa yamegeuka meusi. Hayo meusi, alisema, yameingiliwa na nyigu mdogo kuliko chawa. Nyigu huyo hutaga ndani ya yai la kunguni, na mtoto wake hulila lote. Mahali pa kunguni hutoka nyigu mwingine.

Sharti lilikuwa kwamba nisiguse dawa, na kwamba niuache ukingo wa shamba, kando ya mfereji, uote mashona nguo, alizeti mwitu na chochote kinachochanua, kwa kuwa nyigu mzima huishi kwa maji matamu ya maua.

Kwangu hilo lilikuwa zito. Hapa kwetu mtu husomwa kwa shamba lake kabla hajasalimiwa. Marehemu mke wangu alikuwa akifagia hata chini ya migomba. Majani yalipofika kiunoni, Mzee Anaeli, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala, alisimama njiani akaniuliza, "Mwalimu, siku hizi unafuga nyoka?"

Nilimjibu kwamba nafuga nyigu. Alicheka mpaka akashika uzio. Alidhani ni mzaha, nami sikujisumbua kueleza.

Wiki zilizofuata nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu msiba. Nilifunga nyuzi nyekundu kwenye matawi yenye mayai, nikawa nazunguka na kioo cha kukuzia kila baada ya chai. Mayai meusi yaliongezeka. Kunguni walipungua. Hawakuisha, lakini walipungua.

Ijumaa nilishuka mjini, Njiro, kwa mwanangu, kwenye ubatizo wa mjukuu. Nimerudi jana.

Shamba lilikuwa jeupe, halina hata gugu moja.

Jumuiya ilikuja Jumamosi nikiwa sipo, ili iwe zawadi. Walifyeka ukingo wote, wakapalilia, wakachoma majani, kisha vijana wakapita na mabomba ya mgongoni wakapulizia kila mti. Dawa waliinunua kwa michango yao. Jana jioni akina mama waliniletea loshoro ya moto, mahindi ya maziwa mgando, kwenye hotipoti, na Mzee Anaeli alikuwa akinisubiri langoni, amekunja mikono kama fundi aliyemaliza nyumba.

"Mwalimu, tumekunyoa!" alisema. "Tuliona tangu mama atutoke umelemewa. Na wewe na ukali wako, hata ukiungua huwezi kuomba maji."

Lazima niseme kweli. Kabla harufu ya dawa haijanifikia, nilifurahi. Niliona mistari ya kahawa imenyooka, udongo mweusi, mfereji unameremeta, nikasema moyoni: hili ndilo shamba langu. Kisha harufu ikaja.

Nilimshika mkono nikamshukuru. Ningesema nini? Hawa ndio waliochimba kaburi la mke wangu katika mvua.

Leo asubuhi nimepita na kioo changu. Nyuzi nyekundu zote zipo; wamezikwepa kwa uangalifu, nadhani walifikiri ni alama zangu za kupogolea. Kwenye jani moja nimemkuta nyigu amekufa, nusu yake ndani ya yai na nusu nje.

Nimempigia simu Upendo. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama kuna jirani mwenye majani. Nikamwambia ng'ambo ya mfereji ni kwa Mama Ndeshi, mjane ambaye nyonga imemzuia kushika jembe tangu mwaka jana. Kwake hapajapuliziwa dawa, na mashona nguo yamefika kifuani.

"Basi wapo huko, Mwalimu," alisema. "Watavuka wenyewe, taratibu. Ila pale pasiguswe."

Pataguswa. Jumamosi hii jumuiya inakwenda kwa Mama Ndeshi.

Mchana nilivuka mfereji ili nimweleze. Nilimkuta kwenye kigoda akichambua maharage, nywele amesuka upya. Hata sijakaa vizuri akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Umesikia? Jumamosi wanakuja kwangu. Na mimi nitaonekana mtu."

Nilimwambia polepole kwamba majani yale yana faida.

Alinitazama. "Yalikuwa na faida hata kwako, au faida imeanza jana?"

Nikamweleza habari za nyigu, mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaniambia kwamba watu wakipita njiani yeye huingia ndani, asiwaone wakitazama shamba. "Mwaka mzima, Mwalimu. Wewe umeshasafishiwa. Sasa mimi nikae porini nikufugie wadudu?"

Nilimuaga nikavuka mfereji kurudi kwangu.

Nimefikiri niombe waache ukingo mmoja tu wa shamba lake, kipande kidogo kando ya mfereji. Lakini ukingo huo ndio unaoonekana kutoka njiani. Nimefikiri niuache wangu uote tena, nao utaota, ila si kabla ya mvua za vuli. Kunguni hawatanisubiri. Wao hawahitaji maua, wanahitaji kahawa tu, na kahawa ipo. Wakirudi wakakuta nyigu hawapo, nitarudi kwenye bomba kama zamani, na Upendo hatapata mzee mwingine hapa kijijini wa kumsikiliza.

Alhamisi jioni jumuiya inakutana nyumbani kwa Mzee Anaeli. Nimepangiwa kutoa neno la shukrani. Nikisema yaliyo kweli, nitakuwa nawaambia watu walioacha kazi zao kwa ajili yangu kwamba wameniharibia, na palepale nitakuwa namnyima mjane kile nilichopewa mimi bila kuomba. Nikishukuru tu, sitakuwa nimesema uongo, kwa kuwa ninawashukuru kwa moyo wangu wote. Hilo ndilo linalonitisha. Kunyamaza kwangu kutakuwa rahisi mno, na kila mtu atanipenda.

Kwa nini sikumweleza Anaeli siku ile alipocheka?

Loshoro imebaki nusu. Nitairudisha hotipoti kesho, nami sijui nitakachosema mlangoni.

Nikishaamua nitaandika hapa, liwe jema au baya. Lakini Jumamosi ikipita na ukurasa huu ukabaki kimya, basi mjue kwamba nilisimama, nikashukuru, nikaketi, na kwamba Mama Ndeshi haingii tena ndani watu wanapopita.