Kufuli Tatu Zilizokatwa Kwenye Kizimba cha Betri, Villa Jacinta

KITUO CHA POLISI, VILLA JACINTA
SAN PEDRO DE MACORÍS

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Aquilino Severino Batista
Umri: Miaka 63
Kazi: Fundi viatu
Makazi: Chumba cha chini, jengo la ghorofa mbili nyuma ya duka la Chago, Villa Jacinta
Tarehe: 15 Agosti 2025, saa 4 asubuhi
Mpokea maelezo: Luteni Marcial Encarnación

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimekubali, ingawa nimeuliza kama walionitangulia kwenye kiti hiki nao walionywa, nikaambiwa nianze kueleza.

Kibanda changu cha kushonea viatu kiko chini ya ngazi, ubavuni mwa kizimba cha betri. Sina tabia ya kusikiliza mambo ya watu, lakini ngazi haina mlango.

Kizimba hicho ni cha vyuma, kama cha kufugia mbwa mkali. Ndani mna betri nne na inverta yenye chaja yake. Umeme wa mtaa ukiwepo, pamoja na sola iliyo juu ya paa, inachaji betri. Umeme ukikatika, inawapa umeme wa betri. Ni mali ya nyumba tatu kwa shirika: ya Wilfrido Paniagua, anayeuza barafu, ya Bi Nereyda Polanco, anayetengeneza nywele nyumbani, na ya Doña Librada, anayepumua kwa mashine ya oksijeni na kuishi na mwanawe Eligio. Mimi sikujiunga. Nina taa ya gesi, na mashaka ya kunitosha mwenyewe bila kuchangia ya wengine.

Waliponunua inverta ya kwanza walichagua ya bei rahisi. Mashine ya Doña Librada ikawa inanguruma kama paka aliyekanyagwa mkia. Fundi akasema umeme wake ni mchafu, mashine ya mgonjwa inataka umeme safi. Wakarudi dukani wakachukua hii ya sasa. Wakaweka sheria: umeme wa mtaa ukikatika, hakuna pasi, hakuna kikausha nywele, hakuna friji ya barafu. Kila nyumba ilifungiwa swichi yake ndani ya kizimba, ya kujikata mtu akizidisha. Kisha wakaanza kuogopana. Anayeingia mle peke yake anaweza kubadilisha swichi yake aweke kubwa. Kwa hiyo wakaweka kufuli tatu, kila nyumba na ufunguo wake. Bila watu watatu kizimba hakifunguki. Walifurahi sana siku hiyo. Walikunywa bia.

Mwezi Julai betri zilichoka, wakanunua nyingine. Za zamani zilikuwa za kuongezwa maji, na kila mwezi ilibidi wakutane watatu na funguo zao, na kila mwezi waligombana. Bi Nereyda akasema, "Safari hii tuchukue zilizofungwa, zisizotaka maji, nisione tena sura zenu." Zikaletwa. Fundi akazifunga akaondoka. Akiwa njiani kurudi Santo Domingo akakumbuka kwamba chaja bado imewekwa kwenye chaji ya betri za maji, chaji kali ya kuchemsha, ambayo betri zilizofungwa haziiwezi. Kuna swichi ndogo ya kuzungusha, ndogo kama kifungo cha shati, nyuma ya inverta. Ilitakiwa igeuzwe alama moja tu. Akampigia simu Wilfrido.

Hapo ndipo lilipo kosa, kwa maoni yangu. Angewapigia wote watatu.

Wilfrido aliwaita palepale mbele ya kibanda changu. Bi Nereyda akamuuliza, "Kwa nini akupigie wewe? Mimi sina simu?"

Wilfrido akasema, "Mimi ndiye niliyempa kahawa, jirani. Namba yangu anayo."

"Kahawa! Mpenzi wangu, friji yako ya barafu ndiyo inayotaka uingie humo, si fundi."

Eligio naye alisema atafikiri. Eligio akisema atafikiri, ameshamaliza kufikiri. Swichi ikabaki ilivyokuwa.

Mnamo tarehe 14 Agosti, siku ya Alhamisi, umeme wa mtaa ulikatika tangu asubuhi. Ulirudi majira ya saa 8 na nusu mchana, watu wakashangilia kama kawaida, na inverta ikaanza kuvuma kwa kuchaji. Baada ya muda nikasikia harufu ya yai bovu. Kwanza nilishuku chakula changu. Kisha nikaweka mkono kwenye vyuma vya kizimba nikauondoa haraka. Betri ya mwisho kulia ilikuwa imevimba tumbo.

Nilimwita Wilfrido kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, si kwa urafiki. Alichungulia, akapiga kelele kuelekea juu:

"Nereyda! Shusha ufunguo, betri zinachemka!"

Bi Nereyda akatoka kwenye roshani, mteja wake nyuma yake ana rola za kuviringia nywele kichwani.

"Zinachemka? Zitie ndizi basi, tule wote."

"Sina mzaha, mama!"

"Na mimi sina ufunguo wa kutupa ovyo. Doña Librada akishusha wake, nami nitashusha."

Ufunguo wa nyumba ya Doña Librada huwa shingoni mwake, pamoja na medali ya Bikira. Alijibu kwa dirisha, kwa sauti yake ndogo: "Wilfrido mwanangu, ufunguo ni wa Eligio, na Eligio yuko kiwandani. Huyo wa roshani atangulie. Nimefika umri huu kwa kutotangulia."

Bi Nereyda akanigeukia mimi. "Mzee Aquilino, wewe una pua. Kweli kunanuka?"

Nikasema, "Kunanuka yai, na si la leo."

Akasema, "Amekulipa barafu ngapi?"

Nikiulizwa kama Bi Nereyda alikuwa na sababu yake ya kutotaka kizimba kifunguliwe, ninajibu kwamba siku ya kufunga betri alibaki na fundi peke yao akimwonyesha rangi za kucha, na fundi huyo hana mke na anajua kubadilisha swichi ndogo iwe kubwa. Hilo ni shaka. Naomba liandikwe kama shaka.

Wilfrido aliingia ndani kwake akatoka na msumeno wa chuma. Alikata kufuli zote tatu, akianza na ya kwake. Hilo nililiona kwa macho, na nilishangaa, kwa sababu ufunguo wake alikuwa nao mfukoni. Nikiulizwa kwa nini hakuutumia, ninajibu kwamba mtu akishaamua kukata, hukata. Alizima inverta, akaigeuza ile swichi, akafungua waya za betri iliyovimba, akaibeba hadi uani mbali na watu. Bi Nereyda anasema aliibeba kama mwizi. Mimi nasema aliibeba kama mtu aliyebeba chungu cha moto kisicho na vishikio.

Inverta ilipozimwa, mashine ya Doña Librada juu, inayopata umeme kupitia humo hata wa mtaa ukiwepo, ikaanza kulia. Wilfrido akapanda ngazi mbio ili amfungulie mtungi wa oksijeni wa akiba. Doña hakufungua mlango. Alidhani amefuata ufunguo. Nilimsikia akisema, "Ondoka, Wilfrido," na sauti ilikuwa inakwisha. Nikapanda na mimi, magoti haya haya. Nikasema, "Doña, ni Aquilino. Mimi sina hisa." Akafungua. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilifungua mtungi, Wilfrido akiwa nje kwenye ngazi ameketi, ameficha uso.

Eligio, aliyeitwa kwa simu na Bi Nereyda, alifika na gari la wagonjwa, akakuta kizimba wazi, kufuli chini, betri uani na jirani ana msumeno. Akaita polisi, Wilfrido akakamatwa. Ningekuwa yeye, nami ningeita.

Sisemi kwamba Wilfrido ni mtu mwema. Barafu yake ina maji mengi kuliko barafu. Nasema aliomba kwanza, na walimsikia.

Kilichonileta hapa bila kuitwa ni hiki. Asubuhi hii mchomeleaji amerekebisha kizimba. Binamu wa Eligio, aliyejifunzia umeme kwenye redio za magari, ameweka betri mpya moja na kuwasha. Kabla ya kuwasha aliirudisha ile swichi ilipokuwa. Nilimwambia amekosea. Bi Nereyda akasema irudi kama ilivyokuwa, Wilfrido asije akasema alitengeneza. Nikamwambia Eligio pembeni, "Mwanangu, igeuze tu." Akanijibu, "Nikiigeuza, mzee, nitakuwa nimemfunga mtu bure."

Kuna kufuli mbili mpya, ya Wilfrido haikurudishwa. Umeme wa mtaa upo, na betri zinachajiwa. Doña Librada anaruhusiwa kutoka hospitali leo jioni, na kitanda chake kiko juu ya kizimba hicho.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo. Niliyoyashuku nimeyataja kwa jina lake la shaka. Nimesomewa, nimekuta ni sahihi, isipokuwa umri wangu uliandikwa 68 na nimeomba urekebishwe.

Sahihi: A. Severino B.

Maoni ya mpokea maelezo:

Nilifika eneo la tukio saa 6 mchana pamoja na Koplo Tavárez na mtuhumiwa, aliyeletwa chini ya ulinzi kuonyesha swichi. Harufu ilikuwepo. Betri mbili zilikuwa za moto kiasi cha kutoshikika. Wenye funguo wawili waliombwa wafungue, mara mbili. Kila mmoja aliomba kwanza kumsubiri mwenzake. Kwa amri yangu Koplo Tavárez alikata kufuli zote mbili. Swichi imegeuzwa na mlalamikaji Eligio mwenyewe, nikiwa nimesimama nyuma yake. Mtuhumiwa Wilfrido Paniagua ameachiwa huru saa 7 mchana. Kabla ya kuondoka aliomba iandikwe kwamba safari hii hakukata yeye.

Imeandikwa.

Luteni M. Encarnación