Maganda Hamsini ya Selmer

Jumamosi, 4 Mei 2019

Yamefika! Maganda mia ya risasi, mapya, ya Kifini, miezi saba tangu tuyaagize. Selmer amemkumbatia mleta barua. Mimi mara ya mwisho kukumbatiwa hivyo ilikuwa Krismasi.

Tumeyamwaga kwenye taulo juu ya meza ya jikoni, chakula cha mchana kikapoa. Mazuri! Tundu la chini limekaa katikati barabara, halina kibanzi. Shingo ina unene ule ule pande zote. Nimepima uzito ishirini ya kwanza — mapacha. Shabaha ikiwa yadi mia, ganda lolote litakufikisha. Lakini sisi tunajaza baruti wenyewe na kupiga yadi elfu moja. Huko ganda likiwa na tumbo dogo kuliko mwenzake, risasi inatoka kwa kasi zaidi, inapiga juu, na wewe unabaki kuulaumu upepo.

Tarehe 25 klabu inachagua mtu wa nne wa timu ya kwenda kwenye mashindano ya New Mexico mwezi wa nane. Watatu wanajulikana. Kiti cha nne tunakigombea wawili tu: mimi na mume wangu. Selmer amekwenda mara kumi na moja. Mimi pia nimekwenda mara kumi na moja — kubeba kasha la barafu na kuwapaka watu mafuta ya jua. Sijawahi kufyatua hata risasi moja kule. Mwaka huu nakitaka kiti. Nakitaka, basi! Nimeshaandika.

Jumatatu, 6 Mei

Ugomvi wa kugawana. Selmer alitaka achukue yeye hamsini yaliyo bora, eti yeye mzoefu. Nikamwambia mzoefu hata ganda bovu atalimudu. Mwishowe tukakubaliana kuchagua kwa zamu, moja moja, kama watoto wanavyochagua timu ya mpira. Tukarusha sarafu. Akaanza yeye. Bila shaka.

Saa tatu nzima! Mizani katikati, kahawa pembeni, hakuna anayeinuka hata kwenda msalani asije akaibiwa. Selmer analigeuza ganda kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Akalinusa! Nikamuuliza, "Unanusa nini, mzee?" "Niache, bibie."

Ganda la arobaini na moja kwenye safu nililiwekea jicho tangu mwanzo. Zuri kuliko yote. Zamu yake ya kwanza nikajifanya silioni, nikawa natazama dirishani. Akalichukua hilo hilo! Halafu akanikonyeza. Miaka thelathini na minne ya ndoa, sina tena hata uso wa kufichia siri.

Alhamisi, 9 Mei

Balaa. Niandike kwa utaratibu.

Jana pai ya tufaha ilifurika, sukari ikaungulia ndani ya oveni, nyumba nzima moshi. Leo asubuhi nikabonyeza kile kitufe cha oveni kujisafisha yenyewe. Moto mkali wa saa tatu, mlango unajifunga, kila uchafu unakuwa majivu. Nikaenda kwa kuku. Niliporudi nilimkuta Selmer amepiga magoti mbele ya oveni. Nikadhani anasali.

Kumbe alikuwa ameosha maganda yake hamsini kuyatoa mafuta, akayapanga kwenye trei, akayatia humo. Alitaka kuyakausha kwa moto mdogo kama baba yake alivyokuwa akifanya. Kabla hajawasha akakumbuka ndama mgonjwa, akatoka. Nami nikawasha. Si moto mdogo.

Nikazima mbio mbio. Ikazima. Mlango ukagoma! Haufunguki mpaka oveni ipoe. Saa moja na nusu tumesimama pale tunachungulia kioo kama watu waliofika hospitalini nje ya saa za kuona wagonjwa. Selmer anaibembeleza: "Fungua, mama. Fungua basi, mpenzi." Mimi hajawahi kunibembeleza hivyo! Akaleta feni. Akaleta bisibisi. Aliposema anakwenda kuchukua nyundo nikasimama mlangoni.

Yalitoka na rangi ya chai ya maziwa, mengine ya zambarau. Selmer akabana moja kwa koleo, pale chini kwenye kitako. Likabonyea kama kopo la soda. Shingo ya ganda si vibaya ikiwa laini. Kitako lazima kiwe kigumu, maana ndicho kinachozuia moto usikurudie usoni. Kwa hiyo hayafai. Yote hamsini. Pamoja na la arobaini na moja.

Alikaa kwenye ngazi ya nyuma na trei mapajani mpaka mbwa akaja kumlalia miguuni. Afadhali angefoka.

Ijumaa, 10 Mei

Hatusemeshani. Yaani, tunasemeshana: "Chumvi." "Hii hapa."

Mimi sikujua yamo humo. Sikujua! Angebandika hata karatasi mlangoni.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya akina mama. Selmer kanipa kadi ya maua. Ndani kaandika, "Asante kwa kila kitu." Nimeisoma mara nne na bado sijui kama nimetukanwa.

Baada ya ibada, kahawa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Bernadine, mke wa Wendell mwenyekiti wa klabu, kanivuta pembeni. Eti amesikia nimemchomea mzee maganda ili kiti kiwe changu. Nikasema oveni ilikuwa chafu. "Chafu, eeh," akasema. "Ningekuwa wewe hata yangu ingekuwa chafu." Akaniongezea kipande cha keki! Wanawake wengine wawili walinipa mkono, hawakusema kwa nini. Na Wendell, nilipopita karibu yake, alifunika kikombe chake cha kahawa kwa kiganja.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Keki nilikula lakini.

Jumanne, 14 Mei

Selmer aliendesha maili sabini hadi duka la bunduki. Ya Kifini hayapo mpaka majira ya kupukutika majani. Karudi na mfuko wa maganda mia mbili ya bei rahisi, sitaji ya nani. Kutwa nzima namsikia karakanani: "Hili limenenepa. Hili limekonda. Na hili — Mungu wangu, hili kalitoboa nani, mlevi?" Nikaenda kuona. Tundu limekaa pembeni kabisa. Shingo nene upande huu, upande wa pili nyembamba kama karatasi.

Anahitaji ishirini na tano: ishirini ya mashindano na matano ya kupimia shabaha. Kati ya mia mbili kapata kumi na moja yanayofanana.

"Waliotengeneza haya," kasema, "walikuwa wanatengeneza vitasa vya milango, wakabakiwa na shaba." Nikacheka. Naye akacheka. Kisha tukakumbuka, mimi nikarudi jikoni.

Jumamosi, 18 Mei

Hakuna anayesoma daftari hili, basi acha niseme.

Kabla ya kubonyeza kitufe kile huwa nafungua mlango kwanza. Huwa nafungua kila mara, tangu siku nilipoteketeza sufuria ya mama mkwe nikasemwa miaka sita. Alhamisi ile sikufungua.

Sikujua kuna maganda ndani. Hiyo ni kweli, naapa. Lakini asubuhi nilisikia maji yakimwagika karakanani, nikajua anaosha. Na ninajua anakokaushia. Na nilikuwa bado na hasira ya lile konyezo. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kitufe. Je, nilijua? Sijui kama nilijua! Nimejiuliza siku tisa mpaka nimechoka na mimi mwenyewe.

Jumatatu, 20 Mei

Nina maganda hamsini. Nahitaji ishirini na tano. Mtoto wa darasa la kwanza anaiweza hesabu hiyo. Mimi imenichukua siku kumi na moja.

Leo nimeyapima yote upya, nikayapanga mafungu mawili. Nikaamua kumpa yale dhaifu. Nikaona aibu, nikamwekea mazuri. Nikaona uchungu, nikachomoa mawili. Nikaona aibu tena, nikarudisha moja. Nikampelekea kwenye sahani ya keki kabla sijabadilisha mawazo mara ya tano.

Aliyatazama. Akatia mizanini moja, la pili, la tatu. Akavua miwani.

"Bibie, haya si ndiyo mazuri?"

"Najua."

"Sasa kwa nini unanipa?"

Nikasema kuna kitu kinaungua jikoni, nikakimbia. Kati ya maneno yote duniani, nikachagua hayo.

Jumatano, 22 Mei

Amejaza risasi zake. Nami zangu. Meza moja, mizani moja ya baruti, kila mtu kampa mwenzake mgongo. Kamwambia mbwa, mimi nikisikia: "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Mbwa hakujibu. Sijui alikuwa anajisema yeye au ananisema mimi.

Leo tulikula pamoja na kuzungumza hadi mwisho wa sahani. Ndama amepona.

Jumamosi, 25 Mei

Naandika hapa hapa uwanjani, nyuma ya mstari wa wapigaji. Daftari la upepo nimelisahau nyumbani, hili ndilo lililokuwa mkobani.

Nilipiga kundi la kwanza. 186 kati ya 200! Sijawahi kufika hapo maisha yangu yote. Risasi zote ishirini zilikaa kimo kimoja, hakuna iliyoruka juu wala kuzama. Maganda, maganda! Bernadine alipiga kelele mpaka Wendell akamwonya kwa kipaza sauti. Mpaka sasa hakuna mwingine aliyevuka 180.

Sasa ni zamu ya Selmer. Klabu yetu inamruhusu kila mpigaji awe na msoma upepo wake nyuma, wa kutazama bendera na kumwambia apige lini, na wa Selmer ni mimi. Asubuhi nilimwambia leo atafute mwingine. Akanishangaa. "Nani tena?" akasema. Basi niko hapa, jicho kwenye darubini, kalamu mkononi, namsomea upepo mtu anayetaka kiti changu.

Nimemsomea vizuri. Mungu ni shahidi, zote nimemsomea vizuri. Na anapiga vizuri, mshenzi yule! Kwa maganda yangu mazuri!

Risasi ya kumi na saba, alama tisa. Ya kumi na nane, kumi. Ya kumi na tisa, kumi.

Ana 177. Imebaki moja. Akipata kumi amenipita. Akipata tisa tumefungana, na kwa kufungana wanahesabu zilizogonga kitovu cha ile kumi — ninazo nyingi kuliko zake, nimehesabu mara mbili. Kwa hiyo ni kumi kamili, au kasha la barafu mwaka huu analibeba yeye.

Dakika tatu zimebaki; zikiisha, risasi hiyo haihesabiwi. Bendera ya karibu imelala. Ya mbali inachezacheza, labda inainuka, labda inalala. Mtu mmoja angesema piga. Mwingine angesema ngoja.

"Vipi, bibie?" Shavu halijatoka kwenye bunduki.

Nimesema, "Ngoja."

Anangoja. Kidole amekitoa nje kabisa.

Dakika mbili. Ya mbali bado inacheza. Ilikuwa haki kumwambia angoje, yeyote angemwambia hivyo. Kisogo chake kimeungua na jua, hakupaka mafuta, huwa nampaka mimi.

Sasa imeshuka. Inashuka.

Wendell anatangaza dakika moja. Selmer hajageuka hata kunitazama. Bendera zote zimelala, hewa kimya kabisa, na mimi bado naandika.