Trei Kumi na Mbili Zisizoota

KIKUNDI CHA MAUA YA MTAA
Kikao cha tano, Jumamosi saa tisa alasiri, barazani kwa Mwenyekiti.

WALIOKUWEPO: Mwenyekiti (mwalimu mstaafu), Mkunga wa zahanati, Fundi Cherehani, Katibu (bibi yenu, ninayeandika haya).
ASIYEKUWEPO: Kinyozi. Udhuru hakuleta. Anaahidi "nakuja sasa hivi" tangu kikao cha tatu.

KUMB. NA. 1/5: KUFUNGUA
Kikao kilianza saa tisa na nusu kwa sababu Mwenyekiti alikuwa anatafuta miwani iliyokuwa kichwani kwake. Katibu aliiona tangu mwanzo, ila hakuulizwa.

KUMB. NA. 2/5: TREI ZA MBEGU
Mwenyekiti alieleza kwamba wodi mpya ya wazazi ya zahanati itafunguliwa baada ya miezi mitatu na mbele yake ni udongo mtupu. Trei kumi na mbili alizopanda Katibu zimemaliza wiki tatu bila kuota kitu, isipokuwa ya saba, ambamo umeota mnyanya.

Katibu alieleza kwamba mnyanya nao hutoa maua.

Fundi aliuliza mbegu zilifukiwa kiasi gani. Katibu alijibu: kidole kizima, tatu tatu kila shimo, kama maharage, na maharage hayo yamekuza watoto saba. Fundi alisoma pakiti kwa sauti: mbegu hizi hazifukiwi, hunyunyizwa juu ya udongo zipate mwanga.

"Bibi, umezizika zingali hai," alisema.

Mkunga alicheka. Iandikwe kwamba alicheka.

Katibu alisema mbegu isiyofunikwa ni chakula cha kuku, na Fundi, ambaye yeye alimbeba mgongoni utotoni, asimfundishe kupanda. Fundi alifungua mkoba wake. Alitoa kopo la siagi, akalifunua. Lilijaa miche, mingi kama nywele za mtoto mchanga, ya mabaki ya mbegu alizokung'uta kutoka kwenye pakiti tupu za Katibu.

Katibu aliazima miwani ya Mwenyekiti, akatazama kwa muda mrefu.

KUMB. NA. 3/5: PAKITI YA MWISHO
Imebaki pakiti moja tu. Mkunga alipendekeza apewe Fundi. Katibu alisimama, akakumbusha kwamba kitinda mimba wake atajifungulia katika wodi hiyo, na ameshamwahidi kuwa mtoto atatolewa nje katikati ya maua ya mkono wa bibi yake.

"Basi panda wewe, Bibi," Fundi alisema. "Mimi nitakusomea pakiti."

Iliamuliwa hivyo, kwa sharti kwamba kidole cha Katibu kisiingie ardhini.

Mwenyekiti alimtaka Katibu amwambie Fundi neno. Katibu alilisema. Halikuandikwa, kwa kuwa kalamu anayo yeye.

KUMB. NA. 4/5: KUFUNGA
Kikao kilivunjika saa kumi na moja kasorobo, kuku wa Mwenyekiti aliporukia mezani kwenye kopo. Aliyemfukuza ni Katibu, kwa kiatu. Miche mitatu ilikuwa imeshaliwa.

Katibu aliomba hilo liandikwe.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................