Chupa ya Achari Uliyoiacha

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kusema nawe bila ya kukuamkia kwanza.

Nimemaliza kidato cha nne. Niko nyumbani, ndimi mpishi, kwa kuwa Mama naye sasa ana presha kama yako. Wiki iliyopita nilimsindikiza hospitali, hapa hapa Malindi. Nesi akauliza twala nini. Mama akajibu kwa fahari kwamba chumvi tuliitoa jikoni tangu wewe u hai.

"Na achari?"

Mama akacheka. Achari ni ndimu tu. Nesi akanigeukia mimi: "Hutiwa nini?"

Wanijua, Bibi. Mbele ya watu ulimi wangu hufa. Lakini nilikuona umekaa mkekani uani, wanionyesha kuipasua ndimu mara nne bila ya kuiachanisha, kuishindilia chumvi ya mawe mpaka ijae, kisha chupa iwekwe juani siku nyingi. Nikasema, "Chumvi. Nyingi."

Njia nzima Mama alitembea mbele yangu.

Daktari alipokukataza chumvi nilikupikia mchuzi wa samaki usio na kitu. Ulionja, ukaweka kijiko chini. "Mke mwenzangu, wataka nife upesi ubaki na mume wetu?" Babu alikuwa amekufa zamani, tukacheka sote. Kisha nikakuhurumia, nikakuletea achari upate kumeza. Ikawa kila mlo ndimu nzima, mara nyingine mbili, na ule urojo wake ukiukomba kwa kidole. Tulishangaa presha haishuki. Hakuna aliyetuuliza habari ya achari, nasi hatukuitaja, maana kwetu chumvi ni ile ya kopo. Mpaka asubuhi ile kiharusi kilipokushika.

Nesi asema huenda palikuwa na sababu nyingine pia. Sijui. Aliyekuwa akikijaza kile kisahani ni mimi. Niwie radhi, Bibi.

Chupa yako ya mwisho ilibaki nusu. Mama alikuwa akila kipande kila mchana, akisema ndio mkono wako uliobaki. Hata baada ya hospitali hakuacha. Niliogopa kumkataza, nikaona kama nakutoa nyumbani mara ya pili. Siku tatu nilinyamaza. Ya nne, alipoinyoshea mkono, niliishika mimi kwanza.

"Mama, tumeshalia mmoja."

Alinitazama sana. Kisha akaurudisha mkono.

Chupa nimeiosha, iko rafuni. Ndimu za mti wako twazikamua mbichi kwenye mchuzi, na pilipili kidogo. Mama asema mchuzi wangu haufai kitu. Jana aliomba kuongezewa.

Nakuahidi nitampikia hivi kila siku, hata akininunia. Mungu akurehemu, Bibi. Pumzika, mke mwenzangu. Babu sasa ni wako peke yako.

Mjukuu wako.