Fridolin, Injini Yako Inakoboa Mpunga Chita

Mwaka umetimia, Fridolin Polycarp, tangu homa ya siku tatu ikuchukue tarehe 19 Julai 1997, na sisi wa nyumba yako hapa Ifakara hatujatulia. Wengine wakifikisha mwaka huandika kwamba machozi yamekauka. Yetu pia yamekauka, lakini kilichobaki si amani. Mkeo Digna ana hasira. Ana hasira akifagia uwanja, ana hasira akiwa kanisani, na tumeona heri tuiandike kama ilivyo kuliko kukudanganya wewe, uliyekuwa hupendi kudanganywa.

Padri ameisoma karatasi hii, akavua miwani, akasema kwenye misa atataja majina tu. Hatumlaumu. Kwa hiyo tumeinakili mara tatu. Moja iko ukutani kwako, moja tumeibandika sokoni, na ya tatu tumeituma stesheni ya Chita, ambako yupo mtu mmoja tunayetaka aisome.

Tuanze na wema wako, maana ulikuwa mwema na hilo halina ubishi. Miaka kumi na tisa ulikuwa fundi wa matrekta kwenye shamba la miwa, ukaacha huko sikio lako la kulia kwa makelele ya karakana. Mashine ya jirani ikiharibika ulikwenda kabla hujanywa chai. Kila spana uliifuta kabla ya kuirudisha mfukoni, hata siku ambazo mikono yako ilikuwa michafu kuliko spana yenyewe.

Lile gari ulilipata mwaka 1991 kwa Mzee Raimundi, akikushukuru kwa kumfufulia trekta lake. Lilikuwa Dodge Charger la mwaka sitini na nane, mali ya Mmarekani mmoja aliyekuja kupima udongo wa bonde, kisha akaondoka na kuliacha bandani na usukani wake wa kushoto. Nyuki walikuwa wamehamia kwenye buti. Jirani yetu Makoye alilivuta kwa ng'ombe wake wanne, na alipolifikisha uwanjani akapangusa jasho, akasema, "Fundi, mimi nimefuga tangu utoto, najua kitu kilichokufa. Hiki kimekufa." Ulicheka sana. Digna hakucheka, kwa sababu alikuona unavyolitazama paa la jiko lake.

Na kweli jiko likawa gereji. Mkeo alipika barazani masika mawili, moshi machoni, wewe ukiwa chini ya gari unaimba kwa sauti ya mtu asiyesikia anachoimba. Pistoni zilikuwa zimekwama, ukazimwagia dizeli, ukangoja siku tisa, ndipo ukaizungusha injini kwa mtaimbo. Gasketi uliikata kwa mkasi wa Digna wa kushonea, na mkasi ule haujakata kitambaa tena mpaka leo. Rejeta ya Mmarekani ilichemka kwa joto letu, basi ukafunga ya trekta na kukata chuma cha mbele ili ienee. Nyuma uliongeza majani ya springi ya Landrova, kwa kuwa gari lile lilizaliwa kwa ajili ya lami na wewe ulikaa kwenye tope la Kilombero. Likasimama juu juu kama mtu aliyekunja suruali avuke mto. Rangi ya buluu uliipiga kwa bomba la kupulizia dawa ya mbu, mikono minne, mmoja juu ya mwingine, huku mkeo na binti zako wakimwagia uwanja maji ili vumbi lisiamke. Viti ukavivika ngozi za ng'ombe wa Makoye, yule yule aliyesema kimekufa.

Lakini kuna kazi usiyoweza kuifanya. Silinda nane zikinguruma, wewe na sikio lako moja hukuweza kujua ni ipi inayokosa. Ulimwita mkeo aache sufuria, asimame mbele ya injini. "Digna, ya ngapi inakohoa?" Naye alifumba macho, akasikiliza, akakujibu, "Ya tano, Baba Rose. Ya tano inaruka." Hakukosea hata mara moja. Alijua plagi kwa mlio wake na spana kwa namba yake. Watu walikusifu wewe, nawe hukuwaambia kwamba masikio yalikuwa ya mkeo. Hiyo nayo ameikumbuka mwaka huu.

Mwaka 1995 gari likatembea. Mara ya kwanza ulipolikanyagia mafuta, watu wa sokoni walidhani treni imewahi. Tangu hapo hukumkatalia mtu. Mgonjwa wa mtaa wa tatu, mama mwenye uchungu, mke wa Makoye akiwa na mapacha, wote uliwabeba, ukirudi umechoka na unacheka.

Sasa tuje kwenye lililotufikisha hapa. Gari lilihitaji kadi. Mdogo wako Viktor alikuwa karani Dar es Salaam, ukampa karatasi zote akashughulikie, naye akarudi na kadi yenye jina lake mwenyewe. "Ilikuwa rahisi hivyo, kaka," alisema. "Tutabadilisha." Digna aliishika ile kadi, akaisoma mara mbili, akakuambia mbele yake, "Baba Rose, karatasi haijui undugu. Mwambie abadilishe leo." Ulimjibuje? "Mke wangu, Viktor nilimbeba mgongoni." Ukaenda kunawa mikono. Miaka miwili ilipita na hukuligusa tena jambo lile. Kwa hiyo ujue, Fridolin, hasira ya kwanza ya mkeo ni juu yako.

Ya pili pia ni juu yako. Ulimfundisha kusikiliza injini, hukumfundisha usukani. Kila akiomba ulisema kesho, na kesho ulikuwa chini ya gari. Homa ilipokulaza, Dodge ilikuwa uwanjani, tangi limejaa, na hapakuwa na mtu mtaani wa kuiendesha. Makoye alifunga mkokoteni. Ulikwenda hospitali kwa mwendo wa ng'ombe, jua la saa saba, mkeo akikukinga uso kwa kanga, wakati gari lililobeba wagonjwa wote wa Ifakara limekaa kivulini. Anaukumbuka mwendo ule hatua kwa hatua. Mpaka leo hawezi kuusamehe.

Siku ya tatu baada ya mazishi, matanga hayajaanuliwa, Viktor alikuja na lori na kadi mkononi. Digna alisimama mbele ya gari. Alisema, "Shemeji, udongo wa kaburi haujakauka. Ngoja basi tuanue matanga." Viktor akasema, "Shemeji, mimi sigombani na wewe. Soma jina." Wazee wa ukoo wakakaa kikao, wakaipitisha kadi mkono kwa mkono, wakasema kadi ni kadi. Walikula wali wetu na kuondoka. Gari likavutwa kwa mnyororo, na ule mkono wa nne wa rangi ukachubuka kwenye nguzo ya lango.

Miezi kumi hatukusikia kitu. Mwezi uliopita mama mmoja muuza ndizi wa kwenye treni akatuambia kwamba Chita kuna mashine mpya ya kukoboa, ya karani aliyetoka Dar, ngurumo yake inafika mpaka kambi ya jeshi. Digna hakuuliza zaidi. Alipakia gunia la mpunga kwenye treni ya Mlimba, akashuka Chita, na kabla hajatoka nje ya stesheni akaisikia injini yako. Ilikuwa inakohoa.

Viktor ameing'oa, Fridolin. Ameifunga kwenye zege, mkanda unazungusha kinu. Bodi lako la buluu amelitupa nyuma ya banda, bila milango, wameanikia mpunga juu yake. Alipomwona mkeo hakushtuka hata kidogo. "Shemeji! Karibu sana. Foleni mwisho wake kule." Digna akaenda kule. Alisimama tangu saa tatu, gunia miguuni, akisikiliza injini inavyoumwa, na anasema uchungu wa kusikia ulizidi uchungu wa kuona.

Saa sita injini ikazimika. Kijana wao wa mashine akahangaika nayo, akatoka na masizi usoni. Watu wakaanza kunung'unika. Ndipo Viktor akakumbuka. "Shemeji, si wewe ulikuwa unamsaidia marehemu? Hebu itazame." Na mkeo, ambaye alikuwa na haki zote za kukaa kimya, akaingia. Tulipomuuliza kwa nini, alisema hakuweza kuiacha ikohoe mbele za watu, kwamba ilikuwa ni kukudharau wewe. Akasafisha platini, zile zinazokata na kuwasha moto wa plagi, kwa upindo wa kanga. Akaona waya wa silinda ya tano umewekwa kwa ya saba, na wa ya saba kwa ya tano, akazirudisha mahali pake. Injini ikawaka. Zote nane, Fridolin, safi kabisa, kama ile siku ya kwanza. Watu wakapiga makofi, na Digna akalia, na kilio kile hakikuwa cha furaha.

Viktor akamwambia, "Haya shemeji, rudi kwenye foleni. Zamu yako bado."

Mbele ya watu wote. Mjane wa kaka yake, aliyeitibu injini yake muda huo huo kwa mkono wake. Hakumpa hata maji ya kunawa.

Digna akarudi kwenye foleni. Saa tisa wakaizima injini ipoe, wakaenda kula. Mkeo akaingia bandani, akafungua kofia ya distribyuta, akachomoa rota, ile inayozunguka kugawa moto kwa kila plagi, akairudisha kofia na kuibana vizuri. Rota ya Kimarekani ilipasuka zamani. Hii uliichonga mwenyewe kwa mpini wa sufuria usiopitisha umeme na shaba ya kufuli. Haiko nyingine Chita wala Dar. Akaitumbukiza ndani ya gunia, akamwomba mtu amtwishe, akapanda treni ya jioni na mpunga wake haujakobolewa.

Kwa wenzetu wa Chita mliokuwa mmebaki kwenye foleni, tunawaomba radhi. Hatukuwa na ugomvi na mpunga wenu.

Tunaye pia mama yako, Bi Wilhelmina, anayekaa nasi. Unajua alivyo. Mwaka mzima amekuwa akimsihi Digna, "Mwanangu, kwenye karatasi ya kumbukumbu usimwache Viktor. Nilikuwa nao wawili, nimebakiwa na mmoja." Digna hakutaka kusikia, na kwa mara ya kwanza wawili hao walikaa siku nne bila kusemezana zaidi ya shikamoo na marahaba. Jioni ile Digna alipotua gunia, alimsimulia yote, hakuficha hata kwamba ameiba. Mama yako alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu.

"Alikukobolea?"

"Hapana, Mama."

Bi Wilhelmina akanyoosha kiganja, akapokea rota, akaifunga kwenye pindo la kanga yake kwa mafundo mawili, akasema, "Akija, aje kwangu. Wote wawili niliwabeba mimi mgongoni, hakuna aliyenishinda."

Viktor ametuma salamu kwamba huo ni wizi na ataleta polisi. Mama yenu amejibu kwamba awalete, lakini atangulie yeye mwenyewe kumpekua mama yake mzazi.

Basi Viktor, kama umesimama hapo stesheni unasoma, sikia tunachotaka. Leta bodi, leta milango, leta injini na kadi yenye jina la Digna. Leta pia fundi wa kumfundisha usukani, kwa sababu marehemu hakufanya hivyo. Mpaka siku hiyo kinu chako kitakaa kimya, na ukija mikono mitupu utamkuta bibi wa miaka sabini na sita amekaa mlangoni, na utampita ukiweza.

Fridolin, tulitaka kukuandikia maneno matamu. Ulistahili. Lakini ulituachia gari zuri kuliko yote bondeni na hukutuachia njia ya kulishika, na hatuwezi kukulilia vizuri mpaka jambo hili liishe.

Wanaokukumbuka ni mama yako mzazi Bi Wilhelmina, mkeo Digna, binti zako Rosemery na Nelly, jirani yako Makoye na wote wa nyumbani kwake, na mdogo wako .................... Nafasi hiyo si makosa ya kunakili. Mama yenu ndiye aliyeagiza iachwe, na amesema mwenye jina atakuja kuijaza kwa mkono wake mwenyewe, hapa nyumbani, yeye akimtazama.

Hatutakusahau, Fridolin, na hatutanyamaza.