Sarafu Yangu Imetakata Ghafla, Namshuku Mke Wangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaharibikiwa, nakuandikia mlango nimeufunga kwa ufunguo maana siku hizi simwamini mtu. Mimi ni fundi saa, na tangu ujana nakusanya sarafu na noti kuukuu za Ulaya, na katika zote roho yangu iko kwenye sarafu moja ya madini ya fedha, kubwa, inajaa kiganjani, upande mmoja kichwa cha malkia mnene, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili, nyeusi tii kwa uzee, na huo weusi ndio ninaoupenda. Juzi nafungua sanduku, naikuta inametameta kama kijiko kipya, na anayejua ufunguo unakaa wapi ni mke wangu peke yake, na wiki hiyo kaka yake alikuwa hapa, na huyo shemeji ana urafiki na masonara, nikajua tu wamenitengenezea ya bandia, yangu wameuza. Nikaipima kwenye mizani, uzito uleule, nikachukua kioo cha kukuzia nikahesabu lulu za pambo la begani kwa malkia, zilezile, pengo dogo la ukingoni nalo lipo palepale, na hapo ndipo nilipozidi kuogopa, kwa sababu mtu anayeweza kuiga mpaka pengo si wa mchezo. Nilipoinyanyua aione, mke wangu aliinamisha macho, nikamwambia mbele ya mama yake, aliyekuja kutusalimu, kwamba yeye na kaka yake ni wezi, akafunga mizigo akaondoka na mama yake. Je, nimshtaki shemeji polisi kwanza, au nianze na talaka?

Fundi Saa Niliyeibiwa

*

Fundi, pole kwa kuumia, na pole yangu inaishia hapo. Uzito uleule, lulu zilezile, pengo lilelile, sasa ulitaka sarafu ikwambie nini zaidi? Ni yako, imesuguliwa. Dawa ya meno na kitambaa vinatosha. Ninyi wakusanyaji mnajua weusi ule hauguswi, kuusugua ni kuishusha thamani. Mkeo ulishamweleza lini? Yeye aliona mume anatunza kitu kichafu, nahisi akataka kukufurahisha. Sikuwepo, sikuapii, ila mwizi huondoka na mali, hakai kuing'arisha. Na barua yako nimeirudia yote, sijaona mahali ulipomuuliza.

Polisi usiende, talaka usiitamke. Usijaribu kuirudishia weusi kwa moshi wala dawa, utaiharibu kabisa. Kesho nenda ukweni. Anza na mama mkwe, maana ulimtukania binti yake akisikia, kisha mwombe shemeji radhi. Mkeo mwulize, “Uliisafisha?” Halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Na akikwambia harudi, usianze kumtafuta aliyemfundisha maneno hayo. Yatakuwa yake, na sababu umempa wewe.