Jezi Zilizochelewa Kukauka

Mjukuu wangu Baraka,

Sisi huku Toronto hatujambo, ila goti la bibi yako linamsumbua kwa baridi. Mama yako yuko zamu hospitalini.

Unasema kocha wako huko Uswidi alichezea klabu moja tu maisha yake yote. Nawe umeitwa na timu nyingine, unaniuliza niliwezaje kubaki na klabu yangu ya Tanga. Mjukuu wangu, hata sijui.

Siku timu kubwa ya Dar es Salaam ilipotuma gari kunichukua, ilikuwa zamu yangu kufua jezi za wenzangu. Zilikuwa kambani, na mechi ni kesho yake. Nikamwambia dereva, "Ngoja zikauke, nizikabidhi." Mvua ikanyesha. Dereva akachoka kungoja, akaenda zake. Nikacheza palepale mpaka nikawa kocha, watu wakaniita mwaminifu, nami nikaitikia.

Jana nilifua jezi uliyoiacha hapa, nikaitia kwenye mashine ya kukaushia. Kufumba na kufumbua ikatoka kavu, ina joto. Nikaishika pale nimeduwaa: ningekuwa na mashine hii siku ile, si ningepanda lile gari?

Ni mimi babu yako, ambaye Tanga bado wanamwita mwaminifu.